Mwaka wa Bubu na Dume

Mama Kulwa tulimzika Kisesa Jumamosi iliyopita. Msomaji wa wasifu wa marehemu alipofika kwa watoto aliwataja mapacha, Kulwa na Doto, akamtaja Shija aliyewafuata, kisha akasema, "na Rwegasira, fundi, Dar es Salaam." Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mpiga picha, nikainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi si mtoto wa Mama Kulwa. Mimi ni Mhaya niliyepanga chumba uani kwake kwa mwaka mmoja tu, zamani, kabla nywele zangu hazijaingia mvi. Waombolezaji wachache waligeuka wakanitazama kwa huruma, na mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono akaniambia pole mwanangu. Niliipokea ile pole. Ndivyo nilivyo: kitu nisichostahili nakipokea kwanza, aibu inanijia baadaye. Na mwaka ule nilioishi kwa Mama Kulwa ndio ulionifunulia tabia yangu hiyo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, najiona msomi kama Wahaya tunavyotaniwa, nikapata kazi kwenye karakana ndogo ya Buzuruga, nyuma ya stendi, iliyotengeneza chochote kilicholetwa mlangoni: redio, simu, pasi, pampu za maji. Shija nilimkuta pale. Tulikuwa rika moja. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mkono wa umeme ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Akipewa kifaa kilichokufa alikuwa anakigeuzageuza kimya, halafu anakwenda moja kwa moja penye waya uliokatika. Mimi nilikuwa mtu wa injini. Pikipiki ikipita barabarani nilikuwa nasema plagi imechoka hiyo, na mara nyingi nilikuwa sahihi. Shija ndiye aliyenipeleka kwa mama yake nipate chumba. Kilikuwa na ukuta wa chokaa inayoshika shati, kitanda, ndoo, na dirisha moja lililotazama jiko la Mama Kulwa, kwa hiyo nilizijua habari zote za nyumba ile bila kuuliza. Nilijua nani hajarudisha sufuria, nani kachumbiwa Magu, na nilijua ninavyosemwa mimi mwenyewe: "Yule mtoto wa Kihaya hali kabisa, tazameni mikono yake. Mwongezeeni." Asubuhi nilikuwa nakuta bakuli la michembe mlangoni kwangu, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kukaushwa juani, vimepikwa na kuchanganywa na karanga. Aliniita Lwega. Herufi ya R haikukaa kinywani mwake, na hakuonekana kuihitaji.

Mvua za vuli zilipokuwa zinakaribia alikuja mgeni wa bosi wetu kutoka Dar, Bwana Sadiki, na maboksi mawili makubwa. Akatueleza kwamba huko Dar kuna watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao Jumapili wanakusanyika kiwanjani kushindanisha magari ya rimoti. Si yale ya plastiki ya kuchezea watoto. Ni magari unayoyabeba kwa mikono miwili, yenye matairi makubwa kuliko miili yake, yanayoruka tuta na kutua na kuendelea na safari. Yeye amefungua karakana ya kuyahudumia na anahitaji fundi mkuu. Bosi wetu alikuwa amewasifia watu wawili, na nafasi ilikuwa moja. Kwa hiyo kila mmoja wetu angechukua gari moja, alitunze na kulijua mpaka baada ya mavuno, kisha Bwana Sadiki angerudi kutushindanisha kwenye shamba la bosi wetu Kisesa, na atakayevuka mstari wa kwanza angekwenda naye Dar. Alifungua maboksi akayapanga magari juu ya meza. Moja lilitumia betri. Jingine lilikuwa na injini ndogo yenye ukubwa wa yai, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, inayokunywa mafuta yake maalumu yanayonuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. "Chagueni wenyewe," alisema Bwana Sadiki. "Fundi ninamjua kwa anachochagua."

Tuliyajaribu nyuma ya karakana jioni ile ile. La mafuta liliguguma, likatoa moshi wa buluu, likaanza kuzunguka kwa kishindo, na abiria wa stendi wakaacha mizigo yao wakaja kutazama. La betri halikusema kitu. Nilibonyeza rimoti na gari halikuwepo tena pale lilipokuwa. Lilikuwa ukutani upande wa pili, tairi zikirusha vumbi. Nililipenda kwa namna ambayo sijui nilinganishe na nini. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, kila mmoja na boksi lake begani, Shija akasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema: "Wewe chukua la mafuta, maana injini ndiyo fani yako. Mimi nichukue la umeme. Kila mtu na mkono wake." Nikajibu sawa. Nilijibu kwa mdomo tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona lipi lina mbio, na nilikuwa nimeshaanza kujiona Dar.

Mama Kulwa alitaka kuyaona. Tuliyaendesha uani, mbele ya jiko. La betri lilipita katikati ya kuku, nao hawakujua kama limepita. La mafuta lilipoanza kunguruma majirani walijaa uzioni, na watoto wakapanda juu ya matofali. Kisha tuliingia sebuleni kula, ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato wa kuchemsha, magari yakiwa yamewekwa juu ya mkeka karibu na meza ya vitambaa vyeupe. Mama Kulwa aliyatazama akitafuna taratibu. Ujana wake alikuwa mchezaji wa ngoma, na kwa Wasukuma mashindano ya ngoma baada ya mavuno yana kanuni yake: makundi mawili yanacheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na hakuna jaji anayekaa mezani kutoa alama. Watu wanakwenda wanakovutwa. Jua likizama, kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda, na mwenzake anakwenda zake bila ubishi.

"Unachukua lipi?" alimuuliza mwanawe.

"La umeme, mama."

"Hili bubu? Utaitaje watu?"

"Hapa hakuna kuita watu. Hizi ni mbio. Anashinda anayefika kwanza."

"Afike kwanza, nani kamwona?" alisema Mama Kulwa. "Hili jingine ni dume. Lina sauti yake. Watu wa kwenu Kisesa watakuja kumtazama nani, bubu?"

Shija alicheka, akanigeukia. "Rwega, hebu mweleze mama."

Ningeweza kumweleza. Ilikuwa kazi ya sentensi mbili: mzee wa Dar anaangalia mstari, mama, haangalii watu. Badala yake niliweka kijiko chini nikasema, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu, kwamba mama amesema kweli. Nikasema gari bila watu ni kazi bure. Nikasema mimi sina ndugu Kisesa wa kunishangilia, kwa hiyo bubu linanitosha, lakini Shija atakuwa nyumbani kwao na ni vizuri awe na kitu chenye sauti. Mama Kulwa alifurahi mno, akaniongezea samaki. Shija alinitazama usoni. Alijua ninachofanya, alijua kabisa, na alijua pia kwamba hawezi kubishana na mama yake mbele ya mpangaji anayemuunga mkono. "Sawa," alisema mwishowe. "Mama amesema." Nimekula vyakula vingi katika maisha yangu, vingine kwenye hoteli za ghorofa, na hakuna ninachokikumbuka kwa uchungu kama kile kipande cha sato nilichoongezewa.

Majina yalibaki hayo, Bubu na Dume. Shija alianza kujifunza injini kwangu. Nilimfundisha, nataka kusema hilo, sikumficha kitu: namna ya kupasha moto plagi, namna ya kukaza na kulegeza skrubu ya kabureta kwa kusikiliza sauti. Lakini yeye alinifanyia zaidi. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgawo, na bila yeye Bubu lingelala bila chaji wiki nzima. Alinitengenezea namna ya kuchaji kwa betri ya gari, akalehemu upya nyaya zote, akanionya nisiziache betri zipate moto. Alikuwa anafanya hayo jioni, baada ya kazi, akiwa bado na Dume lake la kuhangaika nalo. Kupitia dirishani kwangu nilikuwa namsikia mama yake akimwambia, "Mwache Lwega naye ahangaike, wewe unamalizia nguvu zako kwake," na yeye akijibu, "Mama, ni mwenzangu huyo." Nilikuwa nalala kitandani namsikia, na Bubu likiwa miguuni pangu limeshiba chaji.

Jumapili tulikwenda kufanya mazoezi Igombe, ufukweni, penye mchanga mgumu. Wanawake wa dagaa walikuwa wameanika mali yao juani, ufukwe mzima ukimeta. Siku moja Dume liliteleza likapita katikati ya dagaa za mama mmoja, likazirusha kila upande. Yule mama alikuja na ufagio, na mimi nilishaanza kukusanya vitu vyetu tukimbie. Shija alimsalimu shikamoo, akapiga magoti, akaanza kuokota dagaa moja moja. Mama yule alimtazama, akatazama lile gari lililokuwa bado linaguguma pembeni, akauliza, "Hicho kinasema nini?" Shija akabonyeza rimoti kidogo, Dume likanguruma. Mama akaweka ufagio chini. Baada ya muda wanawake wote wa ufukwe ule walikuwa wametuzunguka, mmoja anapiga makofi kufuata injini, wengine wanacheza kwa mabega, na Shija katikati yao anaongeza na kupunguza moto kama mpiga ngoma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu yule mkimya akiwa na furaha isiyojificha. Bubu langu lilikuwa limesimama peke yake karibu na maji. Nilijiambia kwamba basi, nimemfanyia hisani, na uongo huo nilikwenda nao miezi kadhaa.

Bwana Sadiki alirudi mpunga ulipokwisha kuvunwa. Mashindano yalifanyika Kisesa, kwenye majaruba makavu ya shamba la bosi wetu, kwa sababu mgeni alitaka ardhi mbovu. Aliweka vibendera, akachimbisha matuta, akachora mstari kwa unga wa chokaa. Sijui habari zilifikaje, lakini watu walitoka hata Bujora, wakiwa wamevaa nguo za sikukuu, na Mama Kulwa alikuja na wanawake wenzake wa zamani wa ngoma. Tulipoanza, mimi niliongoza. Dume likanguruma, likaruka tuta la kwanza juu kuliko Bubu, na watu wote wakasogea upande wa Shija. Kila alipopita walimfuata. Dume lilinikuta katikati ya mbio, likanipita, na nina hakika angeshinda, kwa sababu betri yangu ilikuwa inaanza kulegea. Ila watu walikuwa wamempenda mno. Walisogea, wakasogea, mpaka njia upande ule ikajaa miguu ya watoto. Shija aliwaona, akapunguza mwendo. Akaendesha Dume taratibu katikati ya wale watoto kama mtu anayepitisha ng'ombe sokoni. Upande wangu hapakuwa na mtu. Nilibonyeza rimoti mpaka mwisho na nikavuka mstari.

Bwana Sadiki aliniinua mkono. Sidhani kama zaidi ya watu watano waliona. Ng'ambo ya majaruba wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, Mama Kulwa amelitandikia Dume kitenge chake chini, wengine wanalifunika kwa vitenge vyao, na vijana wamembeba Shija mabegani. Bwana Sadiki aliwatazama akatikisa kichwa. "Mwenzako amefurahisha watu," aliniambia, "lakini mimi natafuta fundi. Jiandae, wiki ijayo tunaondoka."

Nyumbani Mama Kulwa alichinja jogoo. Sebule ilijaa wageni, wengine wamekaa mlangoni, na kila aliyeingia alimpa Shija mkono wa pongezi. Shija aliupokea. Mimi nilikaa kwenye kona karibu na kabati la vyombo nikisubiri aseme, na nadhani yeye alikuwa anasubiri mimi niseme. Chakula kilipoletwa Mama Kulwa alichukua firigisi, kipande ambacho kwa heshima kilikuwa cha mshindi, akapita mbele ya mwanawe akaja kuiweka kwenye sahani yangu. "Kula, Lwega," alisema. "Shija ameshashiba watu. Wewe umetoka mikono mitupu." Wageni walicheka kwa upole, kwa kunionea huruma. Nikaila. Sikubakiza kitu.

"Na yule bwana wa Dar kasemaje?" aliuliza baadaye.

Nilifungua mdomo. Shija alinitangulia. "Amesema Rwega aende naye Dar."

"Kufanya nini?"

"Kujifunza," alisema Shija, akiangalia sahani yake.

Mama Kulwa alifikiri kidogo, akaridhika. "Ni haki. Anayefundishwa ni aliyeshindwa." Na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mpunga.

Niliondoka wiki iliyofuata. Bwana Sadiki aliyachukua magari yote mawili, yalikuwa mali yake, na Dume nililipakia kwenye boksi kwa mikono yangu mwenyewe huku Shija akinishikia kamba. Dar ilinipokea vizuri. Nikawa fundi mkuu, nikajenga, nikaoa, nikapata jina miongoni mwa wale watu wa Jumapili. Na karibu kila mwaka, mtu alikuwa ananipigia simu kutoka stendi ya mabasi nikachukue mzigo wangu. Ulikuwa mfuko wa michembe kutoka kwa Mama Kulwa, na salamu zile zile: nisikate tamaa. Nilikuwa najiambia nitampigia nimweleze ukweli. Nilimpigia mara nyingi, nikamshukuru kwa michembe. Na kwake sikurudi hata mara moja, mpaka wiki iliyopita.

Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai, Shija na mimi, na sahani za wali. Amenenepa kidogo, anavaa miwani, bado anatengeneza simu Buzuruga. Nilimwambia lile nililokuwa nimelibeba tangu ujana.

"Ile jioni ya kuchagua, nilimuunga mkono mama kwa sababu Bubu nililitaka mimi."

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika mwezi mzima. Halafu Dume likanikolea." Alitabasamu. "Rwega, siku ile ya Kisesa sijapata nyingine kama hiyo. Usiniombe radhi kwa siku ile. Ni yangu."

 Niliona yameisha, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi.

"Mimi nilikuwa nasubiri uniite," alisema.

Mkono ulibaki pale juu ya meza. Nikakumbuka mwaka wangu wa pili Dar, Bwana Sadiki aliponiambia kazi zimeongezeka, nitafute fundi wa pili, awe mtu wa umeme, nimchague mwenyewe. Jina la kwanza lililonijia lilikuwa la Shija. Nikafikiria kukaa naye meza moja kila siku, akinitazama vile alivyonitazama sebuleni kwa mama yake, nikamchukua kijana mmoja wa Tanga. Nafasi ile ilitokea tena baadaye, na tena baada ya hapo. Kila mara nilipata mtu mwingine.

"Mama alikuwa anauliza kila mavuno yakiisha," Shija aliendelea, bila ukali wowote. "Lwega hajakuita? Kwake yeye wewe ulikwenda kujifunza tu, ukishajua kazi utamwita aliyeshinda."

"Ulikuwa unamjibu nini?"

"Kwamba una kazi nyingi."

Wazee wa ukoo walikuwa wanaondoka, mtu akamwita aje awaage. Aliinuka, akaniwekea mkono begani, akaenda. Nilimtazama akiinama kuwapa mkono mmoja mmoja. Mama Kulwa amekufa akiamini nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa naona aibu tu, na kwa aibu hiyo nikamwacha Shija nyuma mara ya pili.